Joho la Mtu Asiyeonekana

Mliponiacha wiki iliyopita nilikuwa mlangoni, namsindikiza kwa macho dereva wa pili, nikijisifu kwamba mambo nimeyamaliza. Mtu akijisifu mapema hivyo, mjue hata hajaanza.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, habari yenyewe ni hii. Mimi ni fundi cherehani, nina wana wawili wa kiume. Mkubwa tunamwita Wino, kwa sababu tangu utotoni vidole vyake ni vyeusi kwa kuchora. Mdogo tunamwita Kelele, na sababu mtaisikia wenyewe.

Walianza kutengeneza vitabu vya vibonzo kwenye meza yangu ya kukatia nguo. Wino anachora, Kelele anaandika maneno. Wakapendwa, wakapata jina. Kisha wakagombana jina la nani litangulie kwenye jalada.

Waligawana karatasi, wakagawana rangi, wakagawana hata kiti cha kuzunguka. Wino alichukua kiti, Kelele akachukua magurudumu. Kila mmoja akafungua studio yake. Tangu siku hiyo hakuna anayemtaja mwenzake kwa jina. Ni "yule".

Sasa kila studio imetengeneza filamu ya shujaa wake, na zote mbili zinatoka Ijumaa ya kufunga shule.

Ya Wino inaitwa Bwana Kimya. Shujaa wake hasemi neno lolote toka mwanzo hadi mwisho, maana Wino hana tena mtu wa kumwandikia maneno.

Ya Kelele inaitwa Sauti Tupu. Shujaa wake haonekani kabisa, maana Kelele hajui kuchora hata yai. Lakini anaongea! Anaongea akiruka, anaongea akipigwa, anaongea hata akiwa chini ya maji.

Kila mmoja alinijia kwa siri akitaka nimshonee shujaa wake joho. Kila mmoja aliniapisha nisimwambie mtu, hasa yule. Nikawashonea wote wawili, dereva wa huyu akachukua lake, na dereva wa yule akachukua lake. Hapo ndipo tulipoishia.

Msomaji mmoja ameniandikia kupitia gazeti: "Bibi, kwa nini hukusema ukweli tangu mwanzo?" Mwanangu, naona wewe huna watoto wawili.

Basi miezi ikapita, filamu zikakamilika, na vionjo vyake, vile vipande vifupi vya kuonjesha watu, vilikuwa vitoke Jumatano. Wino akasikia, akasema atawahi. Kelele akasikia, akasema atawahi. Wakawahi wote, vikatoka vyote Jumatatu asubuhi.

Aliyeniletea habari ni Msusi, mjukuu wangu mkubwa, binti wa Wino. Ana saluni mtaa wa pili. Aliingia na kitana kimechomekwa kichwani, hata hodi hakupiga.

"Bibi, kaa."

"Nimekaa."

"Basi egemea."

Akaniwekea mto mgongoni. Huyu mtoto hata akileta balaa huleta na mto. Akaishika simu mbali kidogo na uso wangu, anajua macho yangu yanavyotaka.

Kwanza akanionyesha Bwana Kimya. Kijana mwenye taya kama tofali amesimama juu ya paa, mvua inanyesha, hasemi. Upepo ukapiga. Joho la zambarau likapeperuka, na kwa ndani, upande wa kushoto, kukaonekana mfuko mdogo wenye kifungo cha njano.

Nikauweka sawa ule mto mgongoni.

"Sasa ngoja cha baba mdogo."

Joho la zambarau, peke yake, linaelea katikati ya barabara kama nguo iliyotoroka kambani. Sauti inasema: "Mnanitafuta? Msinitafute! Nipo! Nilikuwepo hata jana!" Na kwa kuwa ndani ya joho hamna mtu, mfuko ulionekana wote, na kifungo chake cha njano, na uzi wangu wa kijani.

"Bibi."

"Naam."

"Ule mfuko ni kama wa sare zangu za shule ulizokuwa unanishonea."

"Mifuko inafanana."

"Na kifungo cha njano?"

"Vifungo navyo."

"Bibi!"

Nikakohoa. Huwa nakohoa vizuri sana, lakini mjukuu wangu ameshanizoea.

Niwaambie kuhusu huo mfuko. Wanangu walipokuwa wadogo walikuwa mashujaa kila siku, na kila siku kamasi zilikuwa zinawatoka. Mtu anaokoa dunia huku anajifuta kwa mkono wa shati. Nikaanza kuwawekea mfuko wa leso kwa ndani. Mkono wangu umezoea. Nikishona chochote cha mtu ninayempenda, mfuko unajitokea wenyewe.

"Saluni kwangu kumechafuka," Msusi akasema. "Wakimya wamekaa upande wa kioo, Wasauti wamekaa upande wa dirisha, hawapitishiani hata mafuta. Mteja mmoja kaondoka nimemsuka nusu. Kasema hawezi kusukwa pembeni ya watetezi wa wezi."

"Nusu ipi?"

"Ya kushoto, Bibi! Hilo ndilo la kuuliza?"

"Na mwizi ni nani?"

"Wakimya wanasema ni baba mdogo. Wasauti wanasema ni baba."

"Na wewe?"

Akanitazama. "Mimi nasema mwizi ana cherehani."

Kisha akanibusu kwenye paji la uso, akanijazia chai kikombeni, akaenda kumtafuta yule mteja amalizie ile nusu ya kulia. Kuna watu wanakuona umekosea, na bado wanakuangalia kama chai yako imepoa. Watunzeni watu hao.

Hata chai sijaimaliza, nikasikia getini:

"Mama! Mama! Umeona alichofanya yule?"

Mwanangu Kelele hajawahi kunitembelea mikono mitupu. Hata siku ya kulalamika huja na kitu. Siku hiyo alikuja na taa mpya, kwa sababu wiki iliyopita aliona ya sebuleni imeungua. Akavuta kigoda, akapanda juu, akaanza kufungua ile mbovu huku analia.

"Yule kaniibia joho!"

"Joho lako si unalo?"

"Ninalo!"

"Basi kaiba nini?"

"Wazo, Mama! Kaiba wazo! Zambarau ileile, urefu uleule, mpaka mfuko! Ana haja gani na mfuko? Mtu wake hata kupiga chafya hapigi!"

"Labda ni bahati mbaya."

"Bahati mbaya haina kifungo cha njano! Na sasa Mwenye Sinema kakasirika. Alikuwa atuonyeshe wote Ijumaa, yule mchana, mimi jioni. Leo kashusha mabango yote mawili. Anasema hawezi kuonyesha filamu mbili zimevaa nguo moja, watu watadhani kawaonyesha kitu kimoja mara mbili."

"Sasa atafanyaje?"

"Kasema mbele ya watu, ukumbi wake Ijumaa anampa mwenye joho, mwingine akatafute pa kwenda. Na hakuna pengine pa kwenda, Mama. Nisipofungua Ijumaa, Jumamosi nafunga studio."

Aliposema hivyo sauti yake ilishuka. Kelele akishusha sauti, mimi huwa naogopa.

"Lakini sina wasiwasi," akaendelea, anazungusha taa. "Nimemwambia, muulize aliyelishona. Mama yangu hajui kusema uongo. Kasema atakupigia saa kumi."

Nikatazama saa ya ukutani. Nayo ikanitazama.

Mara mlango wa jikoni ukafunguliwa taratibu. Hilo ni jambo la Wino. Hupita jikoni ili avue viatu, asinichafulie sakafu. Akaingia na soksi, mkononi ana kichupa cha mafuta ya cherehani. Huwa namsikia akija kuipaka mafuta mashine yangu nikiwa nimelala mchana. Anadhani sijui.

Akainua macho, akamwona ndugu yake juu ya kigoda.

"Mama," akasema Wino, "mwambie yule ashuke kwenye kigoda nilichokuchongea."

"Mama, mwambie yule mimi nafunga taa ya mama yangu."

"Mwambie yule afunge, ashuke."

"Mwambie yule asinifundishe kushuka!"

"Jamani," nikasema, "nyumba yenyewe ina chumba kimoja cha kupokelea. Mnasikiana."

Wino akaweka mafuta mezani. "Mama. Mwenye Sinema atapiga simu."

"Nimeambiwa."

"Utamwambia la kwangu ni wewe uliyelishona."

Kelele akageuka juu ya kigoda, kidogo aanguke. "La kwako? Kalishona Mama?"

"La kwako ni nani kalishona?"

"Mama!"

Sasa wote wawili wakanigeukia. Nikakohoa. Safari hii haikusaidia kitu.

"Mama?" akasema Wino.

"Mama?" akasema Kelele.

"Yote mawili," nikasema. "Nimeshona yote mawili."

Kelele akashuka. Wino akavuta kiti. Kelele naye akavuta kiti, na bila kujua wakakaa upande mmoja wa meza, bega kwa bega, wananitazama mimi.

"Ulimshonea yule?" akauliza Kelele.

"Nilimshonea mwanangu."

"Rangi ileile?"

"Mlitaka rangi ileile. Wewe ulisema unataka zambarau. Na wewe ulisema unataka zambarau, lakini si ya dukani, unataka ile ya—"

"Ya pazia," wakasema pamoja.

Wazee wenzangu mnaosoma, lile pazia lilikuwa la dirisha la mbele katika nyumba tuliyopanga zamani. Kila jioni lilikuwa linashushwa, anajifunga huyu anaruka kitandani, kisha anajifunga yule. Baba yao, mahali alipo apumzike, alikuwa akirudi anakuta dirisha tupu, anauliza: "Leo nani anatuokoa?" Kisha analitundika tena bila kumkemea mtu.

Nikadhani hilo litawalainisha. Wapi.

"Ulipaswa kutuambia," akasema Wino.

"Wote wawili," akasema Kelele.

"Sisi tunakuamini wewe..."

"...halafu wewe unatufanya vichekesho..."

"...mbele ya mji mzima."

Kelele alikuwa anaanza, Wino anamalizia. Wino alikuwa anachoka, Kelele anampokea. Kama walivyokuwa wakifanya kazi zamani, ila safari hii kazi ilikuwa mimi. Nikawawekea chai ili wapate nguvu ya kunisema. Wino akamtilia Kelele sukari vijiko vitatu bila kumuuliza, Kelele akainywa bila kushukuru, kama watu ambao hawajawahi kugombana.

Miaka mitatu nimeomba niwaone wanangu meza moja, wanakubaliana. Nimepewa. Kumbe nilisahau kuomba wakubaliane kuhusu nini.

"Haya," akasema Wino, "saa kumi inakaribia. Lazima pawe na wa kwanza."

"Wa kwanza ni mimi," akasema Kelele. "Mimi nililiwaza tangu mwaka jana."

"Kuwaza si kuwa na joho. Mimi niliagiza."

"Kuagiza nako si kuwa na joho!"

"Basi kukata," akasema Wino. "Nguo inaanza ikikatwa. Lililokatwa kwanza ndilo lenye haki. Unakubali?"

"Nakubali. Mama anajua."

"Mama anajua."

Wakanitazama tena. Tayari walishapeana mikono juu ya jambo hilo, juu ya meza yangu, na mimi ndiye pekee niliyejua kwamba wamepeana mikono juu ya shimo.

Nikaondoa vikombe. Nikavuta kitambaa cha meza, nikakikunja mara mbili mbele yao, pindo juu ya pindo, nikakipapasa kwa kiganja kisiwe na mkunjo. Kisha nikapitisha kidole pale ambapo mkasi hupita.

"Mara moja," nikasema. "Nilikunja, nikapiga chaki upande mmoja, nikakata. Mkasi ulipita mara moja, yakatoka mawili. Ndivyo nilivyokuwa nikiwakatia mashati tangu mnatambaa, ili asitokee wa kusema la mwenzake limekatwa kwanza."

Kelele akafungua mdomo.

"Nilifanya hivyo msigombane," nikaongeza.

Akaufunga.

Hesabu ilikuwa rahisi kuliko nilivyotaka. Nikimwambia Mwenye Sinema ukweli, kwamba hakuna wa kwanza, mwenye joho hayupo, na wanangu wote wawili wanafunga studio. Nikimdanganya, namfungia mmoja studio kwa mkono wangu. Na hao waliokaa mbele yangu walikuwa wameshaifanya hesabu hiyo. Niliona kwenye mabega yao.

Wino ndiye aliyesema kwanza, naye si mtu wa kusema.

"Mama, akipiga simu, mwambie ni la kwake."

"La nani?" akauliza Kelele.

"La kwako."

"Nani kakuomba?"

"Hakuna aliyeniomba. Wewe una watoto wadogo. Mimi nitachora vibao vya maduka."

"Ahaa! Yaani unanihurumia! Mama, mwambie ni la kwake!"

"Mama, usimsikilize."

"Mama, nisikilize! Mtu ana mikono kama hiyo halafu akachore vibao vya maduka? Mimi nina mdomo, nitauza hata sabuni! La kwake hilo!"

"La kwako."

"La kwako!"

"Unajua shida yako? Hujui kupokea."

"Na wewe hujui kutoa! Mtu anatoa kitu amenuna hivyo? Kaka, usinitanie!"

Kaka. Alisema kaka. Yeye mwenyewe hakusikia, alikuwa anapiga meza. Wino alisikia. Alitazama chini, akaanza kukwangua wino uliokauka kwenye kidole chake, kama anavyofanya akitaka watu wasione uso wake.

Wakaendelea. Waligombana kuliko walivyogombana siku ile ya jalada, na kwa sababu ileile, ila sasa kila mmoja anataka mwenzake atangulie. Nikasema moyoni, hawa watoto hata wema wanaufanya kwa vita.

Simu ikalia.

Nikaipokea.

"Shikamoo, Bibi Cherehani."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

Mwenye Sinema ni mtu mzuri. Mapazia ya ukumbi wake nilimshonea mimi, na mpaka leo nikienda huniwekea kiti cha pembeni, karibu na choo, bila mimi kuomba. Nawaambia ili msimchukie.

"Sijambo, Bibi. Sitakuchosha. Nina ukumbi mmoja, na nimeshasema mbele ya watu, Ijumaa nampa mwenye joho. Wewe ndiye uliyelishona, na neno lako nitalichukua kama lilivyo. Lile joho la zambarau ni la nani?"

Nikainua macho. Wino alikuwa ananyoosha kidole kwa Kelele. Kelele alikuwa ananyoosha vidole vyote kumi kwa Wino, anatingisha kichwa, midomo inasema kimyakimya: la kwake, la kwake, la kwake. Ndiyo mara ya kwanza maishani namwona mtoto yule anapiga kelele bila sauti.

"Bibi? Upo?"

"Nipo."

"La nani?"

"La kwangu."

"Sijasikia vizuri."

"Joho ni langu, baba. Rangi imetoka kwenye pazia langu. Nimelikata mimi, nimelishona mimi, mfuko ni wangu na kifungo ni changu. Hao wawili wameazima."

Vidole vya wanangu vikabaki hewani.

Upande wa pili wa simu nikasikia anavuta pumzi, kama mtu anayepima kama anacheka au analia.

"Bibi," akasema, "mimi nimeshatoa neno langu, na neno langu sirudi nalo nyuma. Nimesema mwenye joho, na mwenye joho nimempata. Basi Ijumaa ni yako."

"Nashukuru."

"Alhamisi jioni uniletee filamu yako, niijaribu kwenye mashine."

Akakata simu.

Nikaiweka chini polepole, karibu na mafuta ya cherehani. Taa mpya ya Kelele ilikuwa inawaka vizuri kweli, ilionyesha kila kitu.

"Kasemaje?" Kelele akauliza.

"Kasema Ijumaa ni yangu."

"Yako? Ya kufanya nini?"

"Kuonyesha filamu. Nimpelekee Alhamisi."

Kelele akamtazama Wino. Wino akamtazama Kelele. Wote wawili wakanitazama mimi, bado wamekaa upande uleule wa meza.

"Mama," akasema Wino, polepole, kama mtu anayepima kina cha mto kwa mguu mmoja, "wewe una filamu gani?"

Nikakohoa.